Watoto wetu wameshakuwa watu wazima huku Ujerumani, na mi sijaacha kuongea nao habari za Mungu

Wazazi wenzangu tulioko nje, hasa nyie mliolea au mnaolea huku Ulaya, kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu naomba niliseme. Kwenye magrupu yetu ya wasapu kuna maneno yanazunguka kwamba mtoto akishafika miaka 18 huku basi imani ni yake mwenyewe, mzazi kaa kimya, ukimgusa na habari za kanisa unampoteza. Mi sikubaliani na hilo hata kidogo. Na wale wa upande wa pili pia sikubaliani nao, wanaomfowadia mtu mzima mistari kila alfajiri na jumapili mchana simu ya kwanza ni "umeenda kanisani?" bila hata kumuuliza ameamkaje. Mzazi bado ana kazi yake kwa watoto wakubwa, tena kazi kubwa, ila imebadilika na wengi wetu hatujakaa chini tukaitafakari.

Mi ni Mluteri wa Machame, naishi Bavaria, kusini mwa Ujerumani, na watoto wangu wawili wamekulia hapa, binti ni nesi na mdogo wake wa kiume anafanya kazi za kompyuta. Nyie mliokulia Kilimanjaro mnajua kule kwetu imani inabebwa na watu wengi. Mtoto anazaliwa anakuta kengele inalia, anakuta jumuiya ya nyumba kwa nyumba asubuhi mapema kabla watu hawajaenda shamba, kwaya, mafundisho ya kipaimara, mnada wa ndizi na mayai nje ya kanisa baada ya ibada, halafu desemba ukoo wote unapanda mlimani kutoka Dar na Arusha na jumapili ile kanisa halitoshi viti vinatolewa nje. Usipoonekana jumapili mbili mzee wa kanisa atapita kwenu kujua kuna nini. Kwa hiyo hata kama baba na mama sio wasemaji sana, mtoto anasemeshwa na usharika mzima.

Huku hakuna wa kukusaidia hiyo kazi. Nürnberg, huku huku Bavaria, ni mji uliopokea matengenezo ya kanisa ya Luther tangu 1525, una makanisa makubwa ya zamani ukiingia unatazama juu unaishiwa maneno, lakini jumapili ya kawaida watu ni wachache na wengi ni wazee. Vijana wanapata kipaimara kwenye miaka 14, ndugu wanawapa bahasha za hela, kunakuwa na sherehe nzuri tu, na jumapili inayofuata huwaoni. Mwaka 2022 peke yake waliojitoa kwenye makanisa ya kiinjili (ya Kiprotestanti) ya Ujerumani ni kama laki 3 na elfu 80, na kwa Wakatoliki walizidi laki 5. Na kujitoa ni kitendo kabisa, huku Bavaria unaenda ofisi ya serikali inayoandikisha vizazi na ndoa, unasaini, imeisha.

Kwa ambao hamjui, huku kuna kodi ya kanisa, inakatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Watu wanadhani ni asilimia 8 ya mshahara, hapana, ni asilimia 8 ya ile kodi ya mapato unayolipa, na mikoa mingine ni 9. Kijana wangu alipoanza kazi akaiona kwenye slipu yake, akaja siku moja akaniambia, mama nafikiria kujitoa, mi naamini ila hii hela nikiijumlisha mwaka mzima ni nyingi. Ningeweza kumwambia kwamba hela hiyo inalipa wachungaji na inachangia chekechea za kanisa (na nilimwambia baadaye, maana ni kweli na anastahili kujua), na kwamba bibi yangu mzaa baba alikuwa anatoa sadaka yake kwenye ndizi na kahawa bila kukosa. Lakini nilimwangalia usoni nikaona hela sio penyewe. Nikamuuliza, baba, mara ya mwisho kuomba ni lini?

Akanyamaza sana. Halafu akasema, tangu babu.

Baba yangu alifariki wakati wa korona. Tulikuwa huku, hatukuweza kusafiri, mazishi tuliyaangalia kwenye simu mtandao unakatikakatika, na huyu kijana alikuwa amemuombea babu yake usiku na mchana bila mimi kujua. Hakuniambia, alibaki nalo. Na hapo ndipo nawaambia wale wanaosema tuwaache watu wazima na mambo yao, ningeheshimu huo ukimya wenu angeenda kusaini ile karatasi, na mimi ningebaki nalalamika kwenye grupu kwamba Ulaya imeniharibia mtoto, kumbe mtoto alikuwa na msiba ndani.

Sikuwa na jibu la kwa nini Mungu hakumponya babu, na sikujifanya ninalo. Nilimfungulia Zaburi ya 13, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?", nikamwambia hii nayo ni sala, mtu aliyekasirika na Mungu hajatoka kwenye chumba cha maombi, bado yumo, aseme tu. Nikamweleza pia jinsi mimi mwenyewe nilivyolia mwaka ule na nani alinishika mkono. Hajaanza kwenda ibadani kila jumapili, nisiwadanganye, lakini anaongea na mimi, na ile karatasi hajasaini. Hata akisaini kesho nitahuzunika na nitamwambia nimehuzunika, na jumapili chakula chake kitakuwa mezani vilevile.

Nina jirani, mama wa makamo, alikulia mashariki mwa Ujerumani, Saxony, enzi za ile serikali ya kikomunisti. Aliniambia kitu ambacho sijakisahau. Kuanzia miaka ya 1950 serikali ilileta sherehe yake ya vijana kushindana na kipaimara, na ambaye hakushiriki alikuwa kwenye hatari ya kukosa nafasi shuleni na chuoni. Kwa hiyo wazazi waliokuwa wanaamini walianza kunyamaza ndani ya nyumba, kwa upendo kabisa, wamlinde mtoto asipate shida, na huyo mtoto alipozaa hakuwa na cha kumsimulia wake. Leo Leipzig, mji wa huko huko Saxony, watu walio wengi hawamo kwenye kanisa lolote. Leipzig ndugu zangu! Ule mji ambao wamisionari wake walifika Machame mwaka 1893 wakatuletea sisi Injili, nasoma Biblia leo kwa sababu kuna watu walipanda meli kutoka kule. Imani hairithishwi kama kihamba, lile shamba la ukoo la Wachagga, kwamba mzee akifa kijana anaingia na migomba iko palepale.

Msinielewe vibaya nikaonekana nasema nyumbani ndio peponi. Kule pia kijana anaweza kuimba kwaya miaka yote kwa sababu tu macho ya watu yapo, akihamia Dar kutafuta maisha hutamwona tena kanisani, au anadakwa na hawa wanaouza maji na mafuta ya miujiza akamaliza mshahara. Huku angalau kijana akiingia kanisani amechagua, hakuna anayemtazama, marafiki zake kazini wanamshangaa. Binti yangu jumapili nyingi yuko shifti, anatoka usiku hajalala, na akiweza anapitia ibadani na yunifomu iko kwenye begi. Ile imani naiheshimu sana. Kwa hiyo mi naona nyumbani mtoto anasaidiwa kuanza, huku analazimika kuamua, na mzazi wa huku ndiye anatakiwa kujaza ile nafasi ambayo kule wangeijaza jumuiya, mzee wa kanisa na bibi.

Tunafanyaje? Sina siri. Mara moja kwa wiki jioni tunapigiana vidio koli, anayeweza anaingia, tunasoma zaburi fupi, kila mtu anasema wiki yake ilikuwaje, tunaomba kwa Kiswahili na wao wakikwama wanamalizia kwa Kijerumani, Mungu anasikia. Sikagui aliyekosa. Wakiniuliza maswali magumu, mambo ya sayansi, mambo ya wachungaji walioumiza watoto, sikimbilii kusema "usimjaribu Mungu", tunayaongea, nisipojua natafuta. Na asubuhi kabla sijaenda kazini nawataja kwa majina. Soma Ayubu sura ya 1, watoto wake walikuwa watu wazima na nyumba zao na karamu zao, na baba hakwenda kuvuruga karamu, aliamka mapema akawatolea sadaka mmoja mmoja, na Biblia inasema "Ndivyo alivyofanya Ayubu sikuzote." Na Timotheo, ambaye tunamsoma kama mchungaji mkubwa, alikuwa mtoto wa Listra, mama Myahudi na baba Myunani, ugenini kama watoto wetu tu, na Paulo anapoitafuta imani yake ilikotoka anamtaja bibi Loisi na mama Eunike. Ilitoka ndani ya nyumba.

Sasa nina jambo linanihusu moja kwa moja na nataka maoni yenu. Binti yangu ni mjamzito, na anataka mdogo wake awe mdhamini wa ubatizo. Huku mdhamini lazima awe mshirika wa kanisa, aliyejitoa hakubaliwi, na yule kijana analijua hilo, sikumwambia mimi, dada yake ndiye alimwambia, na bado wanaongea wao kwa wao nimewaachia. La pili ni kwamba binti anatamani mtoto akabatizwe Machame desemba tukienda, pale pale alipobatizwa babu. Mi namwelewa sana na moyo wangu unataka hivyo hivyo, nikifikiria kwaya na ndugu wote na ule mnada. Lakini nimemwambia nafikiri abatizwe huku, kwenye usharika wake, mbele ya wale wazee wachache wa benchi za mbele watakaomwona akikua na kumuuliza habari zake, halafu desemba tumpeleke nyumbani aombewe na ukoo. Bado hatujakubaliana. Wenye wajukuu Sweden, Kanada, Uingereza, nyie mlifanyaje, na watoto wenu walipokeaje?