Maneno mafupi ya Kiingereza na mzigo wake

Hapa Lubumbashi, wanaoanza kujifunza Kiingereza huogopa maneno marefu, na kwa maoni yangu hofu hiyo haina msingi. Maneno kama "administration", "transport" au "document" mtu aliyesoma Kifaransa shuleni anayatambua mara tu anapoyaona, kwa sababu baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066 Kifaransa kilitawala ikulu na mahakama za huko kwa karne kadhaa, na maneno yake yakahamia katika Kiingereza kwa maelfu. Yanayotusumbua ni yale mafupi ya kila siku. Toleo la 1989 la kamusi kubwa ya Oxford lililipa neno "set" peke yake maana zaidi ya 400, nalo ni neno la herufi tatu ambalo mwalimu hulitaja katika wiki za mwanzo na kulipita haraka.

Mahali ambapo jambo hili linagusa mifuko ya watu ni Kasumbalesa. Malori yanayotoka Zambia hufika mpakani na karatasi za Kiingereza, na tangu nchi yetu ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, sababu za kukihitaji Kiingereza zimezidi kuongezeka. Katika karatasi hizo "duty" ni ushuru. Lakini afisa aliye "on duty" yuko zamu, na mzazi mwenye "duty" kwa watoto wake ana wajibu. Maana hizo tatu ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa zote zinahusu kitu ambacho mtu anadaiwa. Hata "customs", yaani forodha, ni jamaa wa "custom", yaani desturi, kwa sababu zamani ushuru wa bidhaa ulihesabiwa kuwa malipo ya kidesturi.

Neno linalonivutia kuliko yote ni "charge". Msomaji wa Kifaransa analiona na moja kwa moja anafikiria mzigo. Katika ankara ya Kiingereza, hata hivyo, ni tozo. Kwa polisi ni shtaka. Kwa askari vitani ni shambulio. Kwa mwenye simu ni kuichaji. Na mtu aliye "in charge" ndiye msimamizi. Ukitazama asili yake katika Kilatini, ambako lilihusu kupakia gari, utaona kwamba Mfaransa hakutudanganya: tozo ni mzigo wa fedha, shtaka ni mzigo wa lawama, usimamizi ni mzigo wa kazi. Mwanafunzi aliyeelezwa hivyo hahitaji kukariri maana tano zisizohusiana. Anahitaji kujua moja, kisha aifuate inavyotembea.

Si kila neno lina ukarimu huo. "Mine" katika mkoa wetu kila mtu anajua ni mgodi, lakini pia ni "yangu", na hakuna ukoo wowote kati ya hayo mawili. Yamekutana kwa sauti tu. "Lead" ni balaa zaidi, kwani likimaanisha kuongoza hutamkwa kwa namna moja, na likimaanisha madini ya risasi, yale yaliyochimbwa Kabwe nchini Zambia kwa miaka mingi, hutamkwa kwa namna nyingine, ilhali maandishi hayabadiliki hata kidogo. (Kiswahili nacho kimeita madini hayo na kipande kinachotoka kwenye bunduki kwa jina moja, lakini sisi tuna sababu: kipande hicho kilitengenezwa kwa madini hayo.)

Wapo wanaosema Kiingereza ni lugha ya vurugu. Sikubaliani nao. Kiswahili pia kina mbuzi anayekula majani na mbuzi ya kukunia nazi, ila sisi tunasaidiwa na upatanisho: mbuzi huyu amepotea, mbuzi hii imevunjika, na msikilizaji hachanganyikiwi. Kiingereza kimepoteza sehemu kubwa ya viambishi vyake vya kale, hivyo kazi hiyo imeachiwa mpangilio wa sentensi na maneno ya jirani. "Plant" iliyo karibu na maji na udongo ni mmea; iliyo karibu na umeme na madini ni kiwanda.

Ndiyo maana sipendi daftari la safu tatu, Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili, ambalo kozi nyingi za jioni mjini hulitegemea, kila neno likipewa maana moja. Ninaelewa kwamba anayeanza lazima aanzie mahali, na kwa mwezi wa kwanza daftari hilo linafaa. Baada ya hapo, afadhali mwanafunzi apewe ankara nzima, mkataba mzima au tangazo la kazi la kampuni ya madini, aone maneno yakiwa na majirani zake. Katika safu tatu "outstanding" ni "bora sana", na kweli mfanyakazi hodari huitwa hivyo. Lakini likiandikwa katika barua ya benki kando ya kiasi cha fedha, linamaanisha deni ambalo halijalipwa, na aliyesoma safu tu atadhani benki inampongeza.