Msimwambie mzee kwamba laki nane zinatosha

Kila anayeuliza habari za kustaafu Thailand hupewa jibu lile lile: ukishatimiza miaka 50, weka baht laki nane benki, unapigiwa muhuri wa mwaka, basi. Linasemwa kwa wepesi kama mtu anayetajiwa nauli ya daladala. Na wapo wanaolishika hivyo hivyo. Mtu anauza kiwanja, anachanganya na kiinua mgongo, anatua Chiang Mai au Hua Hin na laki nane kamili. Mwezi wa tatu anaumwa, fedha ziko benki kwa jina lake, na akizigusa amepoteza haki ya kukaa. Hilo linaniuma, kwa sababu aliyemshauri alijua nusu tu ya habari na akaisema kama habari nzima.

Laki nane si bei ya kitu. Ni salio linalotakiwa kulala. Tangu Machi 2019 utaratibu wa kuongeza muda wa kukaa kwa wastaafu ni huu: laki nane ziwe kwenye akaunti ya benki ya Thailand miezi miwili kabla ya kuomba, zikae miezi mitatu baada ya kukubaliwa, kisha salio lisishuke chini ya laki nne hata siku moja, mpaka ufike wakati wa kuzirudisha laki nane kwa ombi la mwaka unaofuata.

Sasa tupige hesabu ambayo washauri hawaipigi. Laki nne za kwanza hazitoki kabisa, miaka yote utakayokaa kwa njia hii. Laki nne za pili ziko huru kama miezi saba kwa mwaka, na ukizila lazima uzirudishe. Gawanya laki nne kwa miezi saba: ni zaidi ya baht 57,000 kila mwezi, na hizo ni mbali na kodi ya nyumba, chakula na dawa. Mwenye uwezo wa kuweka 57,000 pembeni kila mwezi huenda hakuihitaji njia ya akaunti tangu mwanzo, maana angepita kwa njia ya pensheni, ambayo inataka 65,000 kwa mwezi. Kwa hiyo asiye na kipato kingine, laki nane zote ni fedha zilizofungwa. Atakula nini?

Uhamiaji wenyewe umeshatupa kipimo. Kama wanaona mstaafu anahitaji 65,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni 780,000. Hata ukisema utaishi kwa nusu yake, na wengi wanaweza nje ya Bangkok, bado ni 390,000 za mwaka wa kwanza peke yake, juu ya laki nane, na hapo hujaweka fungu la hospitali. Anayeondoka Nairobi, Muscat au Leicester ahesabu hivyo: laki nane za kulala, matumizi ya mwaka, fedha za matibabu, na hayo mawili ya mwisho yakae kwenye akaunti nyingine. Akiwa hana, asubiri, au atafute nchi nyingine. Kenya, kwa mfano, kibali chake cha daraja K kinadai uthibitisho wa mapato ya uhakika ya dola 24,000 kwa mwaka, lakini mapato hayo unaishi nayo, unakula nayo. Laki nane za Thailand, ambazo nazo ni karibu kiasi hicho hicho kwa dola, zinakutazama tu.

Nakubali kwamba serikali ya Thailand ina sababu. Hospitali zake za umma zimebeba bili za wageni waliougua na kufa bila senti, na mlipa kodi wa Thailand hakuwaalika. Lakini kumzuia mtu asitumie fedha zake za ugonjwa akiwa mgonjwa hakuipunguzii hospitali deni. Ingewezekana kabisa kuruhusu salio lishuke kwa stakabadhi ya hospitali. Hairuhusiwi, na mimi naona ni kosa.

Baada ya hapo kuna hesabu ya siku, na hapa ndipo watu wenye fedha za kutosha wanapoanguka. Aliyeingia na viza ya O isiyo ya mhamiaji (Non-Immigrant O) hupewa siku 90, na kabla hazijaisha ndipo anaomba ule mwaka. Fedha zinatakiwa zimelala siku 60. Zinabaki 30. Ndani ya siku hizo 30 ufungue akaunti, utume fedha, zifike. Benki nyingi hazimfungulii mgeni akaunti siku ya kwanza: tawi moja litataka cheti cha ukaazi kutoka uhamiaji, jingine mkataba wa nyumba, jingine litakataa bila sababu na lile la mtaa wa pili litakubali. Kutuma fedha kwa njia ya SWIFT, mtandao wa benki wa kimataifa, kunaweza kula siku tano za kazi. Ukiangukia Songkran, sikukuu ya mwaka mpya wa Kithai katikati ya Aprili, benki zimefungwa. Siku ya 20 ikifika na akaunti haijafunguliwa, acha mengine yote ushughulikie hilo.

Usitume laki nane kamili. Benki za katikati hukata ada njiani, na ukituma 800,000 zitafika elfu 799 na kitu. Tuma walau 820,000. Na zikishafika, usichukue kadi ya ATM kwenye akaunti hiyo. Hebu tazama ukurasa wa kitabu cha benki wa mtu aliyekataliwa: mstari mmoja wa salio 800,000.00, mstari unaofuata ada ya mwaka ya kadi, baht 300, salio 799,700.00. Hakutoa fedha yeye, benki ilijikatia yenyewe. Afisa wa uhamiaji haangalii nani kakata, anaangalia kwamba siku hiyo salio lilishuka. Fungua akaunti mbili: moja ya kulalia fedha, isiyo na kadi wala huduma ya ujumbe wa simu yenye ada, na nyingine ya matumizi.

Kitabu chenyewe kichapishwe kila mwezi kwenye mashine ya tawi. Kikikaa miezi bila kuchapishwa, benki nyingine hukusanya miamala yote na kuitoa kwa mstari mmoja, na hapo huna tena ushahidi wa kila siku. Itabidi uombe taarifa ya miezi 12, ambayo haitoki siku hiyo hiyo. Asubuhi ya siku ya kuomba, nenda tawi ulikofungulia akaunti, weka hata baht 100 ili kuwe na mstari wa tarehe ya leo, chapisha, chukua barua ya benki ya uhamiaji, kisha nenda moja kwa moja uhamiaji na fomu ya TM.7, ya kuomba kuongezewa muda, na baht 1,900. Barua ya juzi inakubalika ofisi nyingine na inakataliwa nyingine.

Kuhesabu ile miezi mitatu ya baadaye, usihesabu kwa ujanja. Tuseme muda wako unaisha 15 Novemba na umeomba 16 Oktoba. Fedha ziwe zimeshaingia kabla ya 16 Agosti, na usizishushe kabla ya 15 Februari, hata kama mtu atakuambia hesabu inaanza Oktoba. Kuna ofisi zinazokuita urudi baada ya miezi mitatu na kitabu mkononi.

Njia ya pensheni ni nzuri kwa mwenye pensheni nono, lakini inataka fedha zitoke nje ya Thailand kila mwezi, miezi 12, na kila mara zifike 65,000 au zaidi. Shilingi au pauni ikidondoka, mwezi mmoja unaingia 64,300, mwaka umeharibika. Balozi za Marekani, Uingereza na Australia ziliacha kutoa barua za kuthibitisha kipato, kwa hiyo kwa raia wao ushahidi ni benki tu. Hakikisha muamala unasomeka kuwa umetoka nje. Baadhi ya kampuni za kutuma fedha hulipia ndani ya Thailand, na kitabuni unaonekana wa ndani. Kuchanganya akiba na pensheni mpaka vifike laki nane kwa mwaka kunaruhusiwa pia.

Mawakala wa kukuwekea fedha zao kwa ada, mwachane nao. Unasaini maombi ukisema fedha ni zako na si zako, na likibumburuka jina lililo kwenye karatasi ni lako. Ile miezi mitatu ya baadaye haikuwekwa bure, iliwekwa ili kuwabana wao.

Akaunti iwe ya jina moja. Mume na mke hawalazimiki kuweka laki nane mbili: mmoja anaomba kama mstaafu, mwenzake anamfuata kama mwenza kwa cheti cha ndoa kilichothibitishwa. Lakini akaunti ya pamoja kwa mwombaji mmoja itakurudisha nyumbani.

Na simu ya msiba ikipigwa usiku kutoka Tanga au Kisumu, kumbuka kibali cha kurudi. Ni fomu ya TM.8 na baht 1,000, na kinapatikana hata uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi ukifika mapema. Ukiondoka bila hicho, muda wote uliopewa unafutika ukivuka mpaka, laki nane zikiwa zimelala pale pale.

Lililobaki ndilo gumu kuliko yote kulisema kwa wazee. Akaunti ya jina moja, mwenyewe akifariki, benki inaifunga mpaka mahakama ya Thailand imteue msimamizi wa mirathi. Mjane aliye ndani ya nyumba ya kupanga hawezi kutoa hata fedha za mazishi, na kadi ya marehemu haiigusi akaunti ile kihalali. Wasia uandikwe huko huko, kwa Kithai na kwa lugha unayoisoma, umtaje msimamizi kwa jina lililo kwenye pasipoti yake herufi kwa herufi, na mke au mume awe na akaunti yake yenye matumizi ya miezi kadhaa. Hilo lifanyike wiki ile ile kitabu cha benki kinapofunguliwa.