Mguu wa Baba Mkwe

Corolla yangu ya 1994 ilipoanza kuzima ovyo, kila fundi Dodoma alikuwa na ugonjwa wa kuisingizia. Wa kwanza alisema plagi, tukabadilisha. Wa pili akasema pampu ya mafuta. Wa tatu alichungulia bomba la moshi, akaguna, akasema koili. Gari likavimeza vipuri vyote hivyo, kisha likazima Jamatini, daladala zimejipanga nyuma yangu na kila konda ananipa ushauri.

Wa nne alikuwa msomi kidogo. Toyota za umri huo hazihitaji mashine ya kupimia: unafungua kile kiboksi chini ya boneti, unaunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, halafu unasoma taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Yangu ilipepesa mfululizo bila kutua.

"Hakuna kosa," fundi akasema. "Gari zima."

Nikamlipa, halafu vijana wake wakanisukuma hadi barabarani.

Jumamosi ikawa zamu ya baba mkwe. Alikuja mjini kutibiwa macho, nami nikajitolea kumrudisha Hombolo. Mama mkwe na mke wangu nyuma, mzee mbele, bakora katikati ya magoti. Tulipofika Nanenane, pakavu peupe, gari likakata. Nikawasha, wapi. Ndani hakuna aliyesema neno, na ukimya wa wakwe mnaujua.

Mzee akajinyoosha, mguu wa kulia ukapenya chini ya dashibodi hadi ukagota kitu. "Washa."

Likawaka.

Akauvuta mguu ajikune, likazima. Akaurudisha, likawaka. Mama mkwe akaanza kushukuru kwa Kigogo. Mzee hakushangaa hata kidogo. Alikaa na ule mguu wake kama mtu aliyekuwa anasubiri siku nyingi familia igundue.

Karibu na Ihumwa trafiki akatupiga mkono. Akachungulia, akamwona mzee kajikunja, goti karibu na kidevu.

"Nani anaendesha hapa?"

"Tunagawana," mzee akajibu.

Tukaruhusiwa. Nadhani alishindwa kukumbuka kosa hilo linaandikwaje.

Taabu ilianza tulipoacha lami. Mzee akasinzia. Kila akikoroma mguu unalegea, gari linarukaruka kama linataka kutapika, na mama mkwe anamchoma begani kwa mwavuli: "Mzee, mguu!" Tumefika Hombolo hivyo hivyo, kwa mwavuli.

Jumatatu nikapeleka gari kwa fundi umeme wa Kizota, kijana mpole asiyependa maneno. Nikamweleza habari za mguu, hakucheka. Akafungua terminali hasi ya betri kwanza, akalala chali sakafuni, akaitoa kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ilipo katikati, chini ya dashibodi. Alipochomoa soketi akaniita nione. Pini mbili zilikuwa na kutu ya kijani, na sisimizi wanatoka mmoja mmoja, hawana haraka.

Kumbe umeme unaoingia kwenye kompyuta ulikuwa unapita hapo. Ukikatika, kompyuta inazimia yenyewe, na aliyezimia hawezi kuandika ripoti; ndiyo maana taa ilisema hakuna kosa. Akapulizia dawa ya kusafishia kontakti, akasugua kwa mswaki. Nilimpa msasa, akaukataa, eti unakwangua mpako wa pini na kesho kutu inarudi na ndugu zake. Halafu akachukua pini dume aliyoing'oa kwenye kontroli boksi bovu, akawa anaichomeka kwenye kila tundu la soketi na kuivuta taratibu. Kwingine ilibana. Matundu mawili iliingia na kutoka bila kugusa ukuta: kuna fundi aliwahi kuchokonoa humo kwa ncha nene ya tesita. Akayabana kwa sindano, akarudisha soketi hadi ikalia *tak*, akawasha gari, akazitikisa nyaya kwa nguvu zake zote. Injini haikupepesuka.

Kabla sijaondoka akanipa kitu kilichonaswa kwenye kapeti: kokwa ya zabibu. Kreti za mzee za msimu uliopita! Zilivuja pale mbele, na utamu wake ndio ulioalika sisimizi.

Jioni nikampigia simu. Shikamoo ndefu, habari za macho, habari za mbuzi, ndipo nikamweleza kwa adabu zote kwamba chanzo cha yote ni zabibu zake.

Akafikiri kidogo. "Kumbe mguu ulikuwa umefuata mali yake," akasema. Kisha akauliza nitakwenda lini, maana msimu huu kreti ni nyingi zaidi.