Somo la kwanza lifundishe kusoma kosa

Ukisakinisha Python, lugha ya kuprogramu, kwenye Windows pamoja na nyaraka zake, mwongozo mzima unakaa ndani ya kompyuta. Unafungua IDLE (programu ya kuandikia na kuendeshea msimbo inayokuja na Python), unabonyeza F1, unasoma bila bando. Kwa anayejifunza usiku kwa data za kuungaunga, hilo si jambo dogo.

Kinachonikera ni kilichomo. Mafunzo yake yanasema wazi kwamba ni ya watu wanaojua kuprogramu tayari, ila Python ndiyo ngeni kwao. Sawa, hawajamdanganya mtu. Lakini anayeanza kabisa atayafungua hayo hayo, maana ndiyo aliyonayo.

Tazama sura ya 4. Mfano wa kwanza wa if, amri ya kupima sharti, unaanza na x = int(input("Please enter an integer: ")), na hapo hapo huelezwi hiyo int inafanya kazi gani (inageuza maandishi kuwa namba). Isahau, kisha jaza 5. Mstari wa if x < 0 utakurushia hii:

TypeError: '<' not supported between instances of 'str' and 'int'

Mgeni atajuaje kwamba input humpa maandishi (ndiyo hiyo str) hata akibonyeza tarakimu? Makosa yana sura yao, ya 8. Kabla ya hapo yanaguswa juu juu tu. Lambda, njia ya mkato ya kuandika funksheni ndogo isiyo na jina, ambayo mwanafunzi wa wiki ya kwanza hana haja nayo, imewahi nafasi sura ya 4.

Rust, lugha nyingine ya kuprogramu inayosifika kwa ugumu, imemfikiria mgeni zaidi. Andika rustup doc --book, kitabu kinafunguka bila intaneti. Sura ya 2 ni mchezo wa kubahatisha namba kati ya 1 na 100, na katikati wanalinganisha maandishi na namba kwa makusudi, programu inagoma, kisha wanakusomesha ujumbe wa kosa na kurekebisha. (Ila mchezo wenyewe unadai kupakua kifurushi cha msimbo kiitwacho rand, kwa hiyo bando likikata umekwama.)

Ningeomba Python iweke kitu cha namna hiyo kabla ya sura ya 3, kurasa chache tu: hifadhi faili, liendeshe kwa F5, halafu liharibu. Acha alama ya kufunga nukuu, kosea jina la kigeu, ondoa ile int. Kosa la nukuu IDLE italionyesha kwenye kidirisha kidogo; kwa hayo mengine, anza na mstari wa mwisho wa ujumbe, ndio unaotaja kosa, kisha panda juu kutafuta namba ya mstari. Lambda itasubiri.