Mwacheni na treni zake

Mtoto wa dada yangu hana shikamoo. Ukiingia kwao unapokewa na vipimo vya upana wa reli: "Mjomba, reli ya Tazara ni milimita 1,067, reli ya kati ya zamani 1,000, reli mpya ya SGR 1,435." Naitikia marahaba, maisha yanaendelea. Ana usonji, na ana treni. Yeye ndiye aliyenifundisha kwa nini mizigo huhamishwa behewa pale Kidatu, zinapokutana reli za upana tofauti. Mimi niliyezeeka Dar sikujua.

Mwezi uliopita mwalimu wake alimwambia dada kwamba huo ni ugonjwa, anyang'anywe vitabu vya treni mpaka azoee kucheza na wenzake. Dada akavificha. Wiki nzima mtoto hakula vizuri wala hakulala.

Ugonjwa wa wasiwasi, ule wa kurudia kitendo kwa hofu isiyoisha, naujua, nimekua nao nyumba moja. Binamu yangu alikuwa akitawadha mpaka wenzake wanatoka msikitini, yeye bado yuko bombani. Kaosha mkono mara tatu, anahisi haujalowa, anaanza upya. Alikuwa akilia huku anajimwagia maji. Raha hakuwa nayo hata chembe. Angempa zawadi mtu wa kumtoa pale. Hilo ndilo linalohitaji daktari, na tiba ipo: mtu huzoeshwa pole pole kuivumilia ile hofu mpaka ishuke, bila kurudia kitendo.

Mpwa wangu hafukuzwi na treni. Anazikimbilia. Akirudi shule, kelele zimemchosha, analala kifudifudi na ramani ya reli, na baada ya nusu saa anaomba chakula. Mnaohesabu saa anazotumia, mnihesabie na za mashemeji zangu kwenye Simba na Yanga.

Temple Grandin, Mmarekani mwenye usonji, akiwa msichana alivutiwa mno na kibanio cha kumtuliza ng'ombe alichokiona kwenye ranchi ya shangazi yake huko Arizona. Wapo waliotaka aachane nacho. Mwalimu wake wa sayansi, William Carlock, akamhimiza akichunguze kisayansi. Leo ni profesa wa sayansi ya wanyama, na mazizi aliyoyabuni yanatumika kwa ng'ombe wengi Marekani.

Sisemi kila kitu kiachwe. Mwenye usonji anaweza kuwa na ugonjwa huo wa wasiwasi pia, vyote viwili kwa pamoja, na hapo hata wataalamu hukuna kichwa. Na kama anachokipenda ni mtu, akawa anamfuata binti wa watu kutoka kituoni hadi kwao, akatazwe, tena kwa maneno ya wazi; mafumbo yetu hayampati. Lakini treni imemkosea nani?

Vitabu vimerudi. Jumamosi tunakwenda stesheni ya Tazara kutazama tu, hatusafiri. Ameshanipangia pa kusimama.