Nilisema Nitalipa Tiketi, Sio Pesa za Chama

Kwa wote mliopokea ile video kutoka kwa katibu wetu: ndiyo, ni mimi. Sauti ni yangu, kofia inayoruka ni yangu, na yale maneno ya kulipa, ambayo watu wameyachukua kuwa nakiri kula pesa za chama, ni yangu pia. Lakini katibu ameyarusha bila mwanzo wake, na kabla kikao cha Jumapili hakijafika nataka myasikie na mwanzo.

Mnajua chama chetu hapa Free Area, Nakuru, kila Desemba huwapeleka watoto matembezi. Mwaka jana tuliwapeleka mbugani kuona faru na twiga, wakalala ndani ya basi kuanzia geti la Lanet, wakaamka wakati wa soda. Walipoulizwa wakasema wanyama hawana shughuli. Basi mwaka huu kamati ikaamua iwe bustani ya michezo, ile ya nje ya mji. Jina silitaji, maana kofia yangu iko huko bado.

Utaratibu wao ni huu: kikundi kikitaka kuja, kamati inatangulia, inazungushwa bure, inaonyeshwa mashine moja moja na kuelezwa bei. Kuzungushwa ni bure. Kupanda ni tiketi. Shikeni hilo la tiketi, msiliachie.

Tulienda watatu: mama mwenyekiti, katibu, na mimi mweka hazina. Nilivaa suruali ya kitambaa na kofia mpya, kwa sababu mtu anayeshika pesa za watu lazima aonekane anazishika.

Tulipewa binti mmoja mwenye kipaza sauti, mpole, ananiita "mzee wangu" ilhali mvi zangu bado zinahesabika. Na binti alikuwa amesoma! Kwenye gurudumu dogo la watoto akatuambia gurudumu lililo babu yake lilisimamishwa Chicago mwaka 1893 na mhandisi George Ferris, urefu wa karibu mita 80, vibanda 36, kila kibanda watu hadi 60. Mama mwenyekiti akafumba macho akapiga hesabu.

"Hao ni zaidi ya elfu mbili kwa mara moja. Walilipa?"

"Senti 50 za Marekani kila mmoja, mama."

"Mweka hazina, unasikia? Na sisi tunafuga kuku."

Kwenye treni ya vilima akatuambia kuna Mmarekani, LaMarcus Thompson, aliyefungua yake Coney Island, New York, mwaka 1884, akitoza senti 5, na mwendo wake ulikuwa kama kilomita 10 kwa saa. Katibu akasema hata tuktuk ya Bondeni iliyobeba magunia inaipita. Tukacheka. Nilicheka mimi kuliko wote, nawaambia ukweli.

Ndipo tukafika kwenye meli.

Mnaijua, ile meli ya kubembea, watoto huiita boti. Binti akaeleza kwamba chini yake kuna tairi linalozungushwa na mota. Meli ikipita, tairi linasugua tumbo lake na kuisukuma, kila mara juu zaidi. Anayekaa katikati anabembea tu, anayekaa kwenye ncha ndiye anayepanda. Vyuma vya mapajani vinajifunga vyote kwa pamoja, na havifunguki mpaka meli itulie kabisa. "Na haisimami ghafla," akasema, "inapunguzwa pole pole." Nikaitikia kwa kichwa, kwa utulivu wa mtu asiyehusika.

"Nani atatusaidia kuonyesha vile chuma kinafungwa? Ni kukaa tu."

Mama mwenyekiti alikuwa na sketi. Katibu alikuwa ameshatoa simu. Nikapanda mimi. Na ndiyo, nilichagua ncha ya nyuma, kwa sababu jua lilikuwa zuri upande huo na nilitaka picha ya kuweka kwenye wasifu. Hapo katibu hajaongeza chumvi.

Chuma kikashuka mapajani. Binti akakivuta, hakiachii. Akashuka, akamgeukia kijana wa swichi, akamwinulia dole gumba, maana yake chuma kiko sawa.

Kijana wa swichi akaelewa: endesha.

Sasa nisikilizeni pole pole, maana hata mimi bado naliona pole pole.

Muziki ukaanza kwanza. Rumba, kwa sauti ya harusi. Halafu meli ikajikuna chini, ikasogea nyuma nusu mita, na mimi nikatabasamu. Nikampungia katibu mkono! Huo mkono uko kwenye video, na unauma kuutazama. Meli ikaenda mbele, ikarudi, ikaenda. Nikadhani ni sehemu ya maelezo. Mara ikarudi nyuma ikapita pale ilipokuwa inaishia, na tumbo langu likabaki mbele.

Kila nikishuka nilikuwa naona uso wa mama mwenyekiti pale kwenye uzio. Kushuka kwa kwanza anacheka. Kushuka kwa pili ameshika mdomo. Kushuka kwa tatu kofia yangu imeshaniaga, inaelekea Njoro peke yake, na yeye anaifuata kwa macho. Nikifika juu naona mlima Menengai wote, na chini yangu viti vitupu safu kwa safu. Meli nzima, abiria mmoja, mwenye suruali ya kitambaa. Pale juu kabisa makalio yanaachana na kiti kidogo, kitu kinachoitwa kupoteza uzito; wale wa fizikia mtanielezea, mimi nilikuwa napoteza zaidi ya uzito. Chenji ya matatu ikaanza kunitoka mfukoni, shilingi kumi kumi, zinagonga mbao, ting, ting, na watoto wa watu chini wanaziokota.

Nikapiga kelele simamisha. Rumba ikanimeza. Nikaita mama, mama mwenyekiti akanipungia mkono.

Na hapa ndipo kiini cha kesi yangu. Kando ya uzio kuna bango kubwa jekundu: HAKUNA KUPANDA BILA TIKETI. Kila nikishuka, bango. Nikipanda, Menengai. Nikishuka, bango. Akili ya mtu aliye kwenye hali ile haina mlango wa nyuma. Ikaniambia: wewe, hawasimamishi kwa sababu hujalipa. Wamekuona unajipakia bure na hiyo kofia yako.

Nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo. Wakati huo huo binti amefika kwa kijana, anampigapiga bega, na kijana, badala ya kuanza na meli, akaanza na muziki. Akauzima. Bustani nzima kimya. Na katika kimya hicho, kutoka angani, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia hata kanisani:

"NITALIPA! NITALIPA ZOTE! MSINIUE, NITATUMA ZOTE JIONI HII!"

Kushuka kulikofuata, mama mwenyekiti alikuwa amekunja mikono.

Meli ilipunguzwa pole pole, kama tulivyoelezwa. Kila nikipita mbele yake mikono bado imekunjwa. Muda wote huo mimi najaribu kufafanua, "Tiketi! Tiketi!", lakini sauti ilikuwa imeisha, inatoka hewa tu, na kwenye video inasikika nikisema "tisini". Tisini elfu gani, wanauliza watu. Tisini elfu zimetoka wapi?

Mengine ni mafupi. Nilishushwa, nikakalishwa kwenye nyasi, nikapewa soda, binti na kijana wakaomba radhi mpaka nikawaonea huruma, tiketi hawakunidai hata moja. Mama mwenyekiti akainama, akaniuliza kwa upole ule wake wa kutisha, "Zote ni ngapi, baba?" Tulirudi mjini kwa matatu moja, viti tofauti. Kabla hatujafika stendi katibu alikuwa ameshatuma ile video na maandishi chini yake: MWEKA HAZINA AFUNGUKA.

Vitabu niko navyo na M-Pesa yote nimeichapisha. Kuna pengo la mia nne, hiyo ni nauli ya kwenda kumwona mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe amekubali kuja kushuhudia. Watoto wameiona video na wamepiga kura wote: wanataka kwenda pale pale.

Na wewe unayenitumia vikatuni vya meli tangu juzi usiku, mchango wako wa Septemba na Oktoba bado. Ukurasa wa kwanza, jina la juu kabisa. Jumapili tutaanza na hilo.