Kikombe cha unga ni gramu ngapi? Inategemea mkono

Mapishi ya keki yanayotoka Marekani huja na vikombe, ya Ulaya huja na gramu, na mpishi wa huku hujikuta katikati akitafuta jedwali la kugeuza. Jedwali humjibu bila wasiwasi: kikombe cha unga ni gramu 125. Kikombe cha nani?

Cha Marekani kina mililita 237 hivi, cha metriki 250, na kile cha chai kilichoko kabatini hakijulikani kinachukua kiasi gani. Tuseme tumekubaliana kutumia cha Marekani. Kijaze unga wa ngano kwa kijiko, polepole, kisha usawazishe juu kwa kisu: utapata kama gramu 120. Sasa kichovye kikombe hichohicho kwenye mfuko na kuchota. Unga unashindiliwa na mizani inasoma 150, pengine zaidi. Kwa vikombe vinne umeshazidisha gramu 120, yaani kikombe kizima. Kwenye maandazi utaongeza maji ukiona donge limekaza. Keki haikupi nafasi hiyo. Itatoka kavu, imepasuka juu, na lawama zote ataangushiwa oveni.

Kwa hiyo wanaotetea mizani wana hoja nzito, hasa kwenye unga. Sukari haishindiliwi hivyo, ndiyo maana kikombe chake hakiendi mbali na gramu 200. Kuna pia kosa la kudhani mililita na gramu ni kitu kimoja. Kwa maji, sawa. Lita ya mafuta ya kupikia ina gramu 920 hivi, na asali huzidi kilo kwa mbali.

Lakini sikubaliani na wanaotaka kila kitu kipande mizani. Wali hauhitaji gramu. Kikombe kimoja cha mchele kwa kimoja na nusu cha tui ni uwiano tu, na ukitumia bakuli badala ya kikombe hakiharibiki kitu, mradi bakuli ni lilelile. Hamira nayo huiumbua mizani: kijiko cha chai cha hamira ya chenga ni kama gramu 3, na mizani nyingi za nyumbani hazisomi chini ya gramu moja. Ikikosea gramu moja tu, umekosea theluthi. Hapo kijiko kinashinda.

Isitoshe, wengi wetu tunapika kwa uzito bila kumiliki mizani. Anayekanda maandazi ya nusu kilo ya unga kwa robo ya sukari amepimiwa na mwenye duka, au anagawa pakiti iliyoandikwa uzito wake.

Mvutano huu wala si wa keki peke yake. Zaka ya Fitri iliwekwa kwa pishi, vibaba vinne, ya tende au shayiri. Ni kipimo cha ujazo. Leo watu wanatoa mchele na duka linauza kwa kilo, basi utasikia huku kilo mbili na nusu, kule tatu. Wote wanageuza pishi, ila nafaka hazilingani uzito, na anayetaka kuondoa shaka huzidisha. Kwenye sadaka kuzidisha ni salama. Kwenye keki, ndiyo hasara yenyewe.

Ndiyo maana naona mapishi yaachwe katika kipimo yalichozaliwa nacho. Kama yameandikwa kwa gramu, nunua mizani. Kama ni ya vikombe na lazima uyageuze, jedwali liweke kando kwanza. Mwombe mwenye mapishi achote unga kwa kikombe chake, kwa mkono wake, umimine kwenye mizani; arudie mara mbili tatu, maana hata yeye hachoti sawa kila mara. Andika wastani. Usumbufu huo unastahili unga tu. Maji na maziwa yabaki kwenye jagi, na chumvi aendelee kuionja.